Sifa za Bwana Moshi

Mnazi umesifiwa, mwezi umesifiwa, hata punda amewahi kupata mshairi wake. Moshi wa kuni bado unasubiri zamu, nami, mkazi wa Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, nimejitolea kuwa wakili wake. Nasemea hasa ule wa alfajiri kambini, chai haijachemka, umande bado umelala juu ya kuni na watu wanatoka hemani wakiuliza kama kuna chochote cha kutia mdomoni.

Kwanza, ni adimu. Mjini Minneapolis moto wa kuni uani hauruhusiwi kabla ya saa tatu asubuhi wala baada ya saa nne usiku, kwa hiyo mwenye hamu ya kupikia kuni mapema inabidi afungashe na kuhama mji. Ndani ya nyumba ndiyo kabisa. Kaanga chapati mbili tu uone: kengele ya darini inalia jengo zima lisikie, na shemeji anapanda juu ya kiti na taulo kuipepea mpaka inyamaze. Katika miji hii miwili, Minneapolis na Saint Paul, Bwana Moshi ni mtuhumiwa anayeviziwa na mitambo kila chumba. Ndiyo maana tunamfuata porini, tena kwa kulipia kiwanja.

Twende naye hadi William O'Brien, hifadhi ya jimbo kando ya mto St. Croix, mwendo wa chini ya saa moja kutoka Saint Paul. Jirani yake kuna kijiji cha Marine on St. Croix, ambako mwaka 1839 kilianza kiwanda cha kwanza cha kupasua mbao za biashara Minnesota. Misonobari ilikatwa, ikaelea mtoni, ikauzwa. Hifadhi yenyewe ina jina la tajiri wa mbao. Ni binti yake, Alice O'Brien, aliyetoa ardhi mwaka 1945 kumkumbuka baba. Basi huko huko ulikouzwa msitu mzima, leo ukiinama kuokota kijiti kikavu umevunja kanuni. Bibi zetu, waliobeba mzigo wa kuni kichwani kutoka ng'ambo ya mto, wangecheka mpaka wakae chini: umezungukwa na miti pande zote, halafu unakwenda kununua fungu la kuni! Wala usije na zako za nyumbani, maana yuko mdudu mdogo wa kijani kutoka Asia, aliyeonekana Saint Paul mwaka 2009, anayeua miti na kusafiri amejificha ndani ya kuni za watu.

Fungu hilo likipigwa na mvua ya usiku, Bwana Moshi huonyesha ukarimu wake wote. Kuni kavu ni bahili: inatoa moto, basi. Kuni yenye maji hutumia joto lake kwanza kuchemsha maji yake yenyewe, haifikii joto la kuungua sawasawa, na sehemu ya mti hupaa hivyo hivyo. Moshi ni kuni zilizokataa kuwa moto. Umezilipia, na zimekuingia puani. Sijui duka jingine linalokufikishia mzigo karibu kiasi hicho.

Tena hana ubaguzi, ila anampenda zaidi mpishi. Moto huvuta hewa kutoka kila upande. Aliyeinama karibu ameziba upande wake, na moshi huelekea huko kujaza pengo. Wamarekani wanadai moshi humfuata aliye mzuri. Kwa kipimo hicho, hema letu lina warembo watupu, wote wanatokwa na machozi.

Lakini kubwa zaidi ni malezi. Wanaume wetu wa ughaibuni, ambao jikoni hawajui hata chumvi inakaa wapi, wakiona moto wa nje wanageuka mafundi. Mmoja anakoka, watano wanashauri. Haupiti muda, mkubwa wao yuko magotini anapuliza, macho mekundu, masizi hadi kwenye nyusi, akiuliza kwa sauti ya chini bibi yake aliwezaje kupika uji hivi kila siku ya Mungu. Hakuna semina iliyowahi kumfikisha hapo.

Na jibu lake halichekeshi: hakuweza, alivumilia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majikoni iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Wakili mwaminifu hafichi rekodi ya mteja wake. Bwana Moshi ana adabu pale anapojua Jumapili utaondoka. Akishajua huna pa kwenda, anakuwa mtu mwingine. Nasi tulimwona Juni 2023, misitu ya Kanada ilipowaka na anga la Minneapolis likafunikwa. Huyo hakuna aliyemkaribisha chai.

Turudi kwenye sifa. Mbu wa huku wenyeji huwaita kwa utani ndege wa jimbo, na tangu 1958 eneo la miji hii lina idara nzima ya kupambana nao, ikimwaga dawa ya viluwiluwi mabwawani kwa helikopta. Bwana Moshi haji na helikopta. Anazunguka meza mara moja, na mbu wengi wanakumbuka kwamba jirani naye ana damu.

Ama hiyo chai inayonuka moshi, ambayo nyumbani ingemwagwa na mpishi akasemwa hadi jioni, ulizeni Fujian, China: majani ya chai hukaushwa makusudi kwa moshi wa misonobari na kuuzwa kwa bei. Kansas City, mwaka 1895, bwana mmoja Ernest Wright alianza kuuza moshi wenyewe ukiwa kimiminika chupani. Kwa hiyo tangawizi ikizidiwa, mayai yakageuka rangi, kunyweni na kuleni kwa heshima. Wenzenu wanazilipia ladha hizo.

Anayebisha aje kambini. Kuni anunue huko huko, maziwa nitaleta mimi. Na kile kiti cha upande usiofikiwa na moshi asijisumbue kukitafuta. Tumehama nacho kuuzunguka moto asubuhi nzima, hatujaupata huo upande.