Magurudumu Manne ya Baba Neema

Skii za magurudumu, ambazo Wanorwe huziita rulleski, nyingi hazina breki. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo swali ambalo Baba Neema hakuliuliza siku aliponunua zake, mitumba, kwa mtu. Aliuliza bei. Aliuliza kama viatu vinakuja pamoja nazo. Akaingia nyumbani kazikumbatia kifuani, nami nikajua papo hapo kwamba pesa ya mapazia ya sebuleni imeshakwenda.

Chanzo ni kazini kwake. Huku Oslo wenzake hula mkate wao wa baridi saa tano na nusu mchana, na mkate ukishawekwa mezani mazungumzo ni skii. Siku hiyo walikuwa wakipanga nani atakwenda mbio za Birkebeinerrennet mwezi wa Machi, na mume wangu, mzaliwa wa Voi, mtu ambaye theluji aliiona akiwa na ndevu, akanyoosha mkono.

Mbio hizo ni kilomita 54 za milima, kutoka Rena hadi Lillehammer, na kila mshiriki hubeba mfuko mgongoni usiopungua kilo 3.5. Mfuko una kisa chake. Mwaka 1206, Wanorwe wakiuana kwa ajili ya kiti cha ufalme, wapiganaji wa kundi la Birkebeiner walimvusha milimani kwa skii mtoto mdogo, Håkon Håkonsson, ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme. Tangu mwaka 1932 watu wanashindana kwa kumbukumbu yake, na zile kilo ndizo kitoto chenyewe. Mimi nimebeba wawili wa kweli, wenye kulia, na sijaona aliyeniandalia medali.

Basi mbio ni Machi, na theluji ya mjini huyeyuka Aprili. Kutoka hapo hadi theluji irudi mtu afanyeje? Wanorwe husema mwanaskii hutengenezwa kiangazi. Kwa hiyo utawaona watu wazima, wenye kazi na madeni ya nyumba, wakipita barabarani jua kali wamefunga miguuni vipande viwili vya alumini, kila kimoja kina gurudumu mbele na gurudumu nyuma, mikononi fimbo mbili ndefu zinazogonga lami ko, ko, ko. Mabingwa wao nao hufanya hivyo hivyo. Huko Rogaland kuna mashindano ya kiangazi ambayo wanapanda ile barabara ya kona juu ya kona kutoka Lysebotn, mita zaidi ya 600 kwenda juu, kwa magurudumu. Baba Neema alituonyesha video yake mezani.

"Wanapanda vizuri," nikamwambia. "Kushuka wanashukaje?"

Akaniambia nisimletee mkosi.

Na nikimbana zaidi, anamtoa Philip Boit. Boit ni wa Eldoret, alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati, akafundishwa skii ukubwani huko Finland, na mwaka 1998 akaiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano. Baba Neema humzungumzia kama ndugu wa tumbo moja, ingawa kutoka Voi hadi Eldoret ni safari ya kulala njiani, na yeye mwenyewe sijapata kumwona akikimbia ila nyuma ya basi.

"Alikuwa wa ngapi?" nikauliza, na jibu ninalo.

"Aliyeshinda alimsubiri, Mama Neema. Bjørn Dæhlie mwenyewe! Alikaa pale kwenye mstari dakika 20 ili amkumbatie. Boit akamwita mwanawe Dæhlie."

Yote kweli. Boit alikuwa wa 92, wa mwisho, na Dæhlie alimsubiri. Nami nikamjibu kwamba kusubiri si kazi ngeni kwangu, mimi humsubiri kila jioni na chapati zikapoa, wala hakuna mtoto wa Voi aliyepewa jina langu.

Mazoezi yakaanzia koridoni. Ncha za fimbo za rulleski ni za chuma kigumu sana, maana zinatakiwa ziume lami. Chuma kinachouma lami, sakafu ya mbao kinaionaje? Vitobo vipo hadi leo, jozi kwa jozi, kutoka mlango wa bafu hadi kwenye kabati la viatu. Neema, ambaye yuko darasa la nane na skii amezijua tangu chekechea, alisimama kando na kumwelekeza. "Baba, kunja magoti. Baba, usitazame miguu." Baba akamkumbusha nani amezaa nani.

Mama mkwe akapiga simu ya video katikati ya zoezi. Alimwona mwanawe anatembea kwa fimbo mbili, akapiga yowe: "Mwanangu ameumia lini miguu, na mbona mmenificha?" Tulimweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba azungumze na mimi faragha.

Sasa sikiliza kosa lilipokaa. Rulleski za mtindo wa klasiki, kama hizo zake, zina gurudumu moja katika kila skii linalokubali kuzunguka kwenda mbele tu. Ndilo linalomwezesha mtu kujisukuma mlimani bila kurudi kinyumenyume. Aliyemuuzia alimwambia, "Zina kizuizi." Alisema kweli, kizuizi cha kurudi nyuma. Mume wangu akaelewa alivyopenda kuelewa.

Siku yenyewe ya kutoka nje nazo ilikuwa Jumamosi ya Julai. Tunakaa Groruddalen, bonde lenye majengo marefu pande zote, na hakuna njia ya kutoka kwetu isiyoteremka. Alivaa helmeti, namshukuru Mungu na Neema. Glavu alizikataa kwa sababu ya joto. Mgongoni alitundika mfuko, akasema lazima mwili uzoee kilo 3.5 mapema. Sikuuliza ameweka nini.

Wenye ujuzi hupunguza mwendo kwa kutanua miguu na kusukuma visigino nje, au huchepuka mapema kwenye majani na kukimbia hatua chache. Mapema, nasema, kabla mwendo haujakolea. Baba Neema alichepuka alipofika karibu na mapipa ya taka, na kufikia hapo fimbo zote mbili zilikuwa zinaning'inia hewani. Magurudumu yalipogusa majani yalisimama. Yeye hakusimama. Tuliokuwa kibarazani tuliona wingu jeupe likipanda juu ya ua wa waridi, na hapo ndipo nilipojua mfuko ulibeba nini: sembe yangu kilo mbili na mchele kilo moja na nusu, nilivyovifuata mwenyewe mtaa wa Grønland, mjini, na kuvibeba kwenye treni.

Aliyemfikia wa kwanza ni bibi Mnorwe wa ghorofa ya chini, amepita miaka 70. Aliokota fimbo, akaitazama ncha, akasema kwa upole, "Hizi ni butu. Inabidi uzinoe kwa tupa ya almasi." Kisha ndipo akamtazama mwenye fimbo. Kumbe yeye rulleski anazo, na kila vuli hutoka nazo. Alitueleza pia kwamba sheria ya barabara ya Norwe inamhesabu mtu wa rulleski kuwa mtembea kwa miguu. Nikamtazama mtembea kwa miguu wangu, kalala kwenye miiba, mweupe kichwa hadi kifua.

Kwa daktari sina mengi: mfupa haukuvunjika, changarawe zilitolewa kiganjani moja moja, naye akapiga kelele ambazo mimi leba sikuzipiga.

Ninachotaka mshike ni alilolifanya yule bibi baadaye. Norwe maduka mengi hufungwa Jumapili, na maegesho yake hubaki matupu, lami laini, tambarare. Huko ndiko alikompeleka Baba Neema, na Neema akawa mwalimu msaidizi: kusimama kwanza, kutanua miguu, kwenda polepole, kusimama tena. Holmenkollen, kwenye njia ya rulleski ya mabingwa, amekatazwa kukanyaga. Anatii. Kila Jumapili hunipita mlangoni na glavu mkononi, na mfuko nakagua mimi.

Bibi alitusomea pia kanuni za mbio. Kilo 3.5 ni lazima ziwepo hadi mstari wa mwisho, na hesabu yake haichukui chakula wala kinywaji. Sembe ni chakula. Hata angefika nayo Lillehammer, isingehesabiwa.