Hotuba Kuhusu Simu Ambayo Bado Haijatangazwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kiti chako naona bado kitupu lakini heshima yako tumeiweka palepale, wazee wetu, kina mama, vijana, na ninyi mafundi simu mliofunga vibanda mchana kweupe ili mje kuelimika: itifaki imezingatiwa. Naombeni makofi. Si hayo. Hayo ni ya kufukuzia mbu. Naam, hayo sasa.

Mshereheshaji amenitambulisha kwa ufupi mno, akasema mimi ni mpenzi wa teknolojia. Nasahihisha kwa unyenyekevu. Mpenzi wa teknolojia ni mtu anayenunua. Mimi ni Mtaalamu Mwandamizi wa Bidhaa Zisizotangazwa, cheo nilichojipa mwenyewe baada ya kumtafuta mtu mwenye sifa za kunipa nikamkosa.

Mada yetu ni nzito. Kampuni ya Apple imetuma kadi za mwaliko. Siku chache zijazo watu watajaa katika Ukumbi wa Steve Jobs pale Cupertino, California, saa 4 asubuhi kwa saa za kule, ambayo huku kwetu ni saa 2 usiku, muda wa taarifa ya habari. Kitu kitatolewa mfukoni. Ni kitu gani? Jibu ninalo, na ninalo kwa sababu sikualikwa.

Mnaguna. Ngojeni. Wanaokijua kitu hicho wamesaini mikataba ya kutunza siri. Wakifungua mdomo, kazi hawana, na huenda wakaonana na mawakili. Aliyebaki na uhuru wa kuzungumza ni yule asiyejua. Na katika kutojua, ndugu zangu, bado sijakutana na mpinzani.

Kwanza mfahamu kwa nini kuna siri. Mwaka 1983 kampuni ya Osborne, ya hukohuko California, iliyokuwa ikiuza kompyuta ya kubebeka kwa dola 1,795, ilianza kuisifia mashine mpya kabla haijawa tayari kuuzwa. Wateja wakasema, kama ni hivyo tusubiri. Mauzo yakakauka, na Septemba mwaka huohuo kampuni ikaomba kufilisiwa. Wapo wanahistoria wanaodai mambo hayakuwa mepesi kiasi hicho. Hao ni wanahistoria. Wanahangaika na yaliyokwisha kutokea, kasoro ambayo fani yetu haina. Sisi tunachukua lililo muhimu: tangu hapo kila kampuni inaogopa kusema mapema. Nayo ikinyamaza, lazima mtu aseme kwa niaba yake.

Tunaanza na kadi. Marehemu Sheikh Yahya Hussein alisoma nyota na watu wakasikiliza. Sisi tunasoma kadi ya mwaliko, rangi zake, vivuli vyake, hata pale ambapo hapakuandikwa kitu. Kadi ya Septemba 2012 ilikuwa na tarakimu 12, tarehe ya shughuli, na kivuli chake kikaanguka chini kwa umbo la 5. Tukatangaza kwa sauti moja kuwa simu itaitwa iPhone 5. Ikaitwa iPhone 5. Heshima ya siku ile tunaila mpaka leo.

Sasa kuna watu wenye roho mbaya wanaopenda kunikumbusha mwaka uliotangulia. Sawa, tuuzungumze, mimi si mtu wa kukimbia. Mwaka 2011 wataalamu tulikubaliana kwamba inakuja simu mpya ya umbo jipya, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Watengenezaji wa kava walituamini kiasi kwamba kava za umbo hilo zilitengenezwa kabisa. Tarehe 4 Oktoba ikatoka iPhone 4S, yenye umbo lilelile la iPhone 4. Kava ilizaliwa, simu haikuzaliwa. Je, tulikosea? Hapana. Sisi tulikuwa sahihi. Kampuni ndiyo iliyotekeleza vibaya. Kwamba simu ile tuliyoibeza iliuzwa zaidi ya milioni 4 katika siku 3 za kwanza ni habari ya wauzaji, hainihusu. Halafu kadi yenyewe ilialika watu waje wazungumze kuhusu iPhone, na kilichotoka ni Siri, msaidizi anayezungumza! Jambo hilo lilikuwa wazi kabisa kwangu, mara tu baada ya shughuli kwisha.

Andikeni hapo: baada ya shughuli. Ndipo utaalamu wetu unapong'aa.

Nije kwenye bei, maana hapa ndipo nitakapowaonyesha faida yetu kwa uchumi wa dunia. Mwanzoni mwa 2010 ilijulikana kwamba Apple wanaandaa kishikwambi. Wakubwa wangu katika fani, watu wa magazeti ya fedha na wachambuzi wa masoko ya hisa, wakakadiria bei: kama dola 1,000. Hawakuambiwa na mtu. Walikaa, wakakunja nne, wakaiona. Tarehe 27 Januari Steve Jobs akapanda jukwaani San Francisco, akataja makisio yetu, akaiweka 999 kwenye skrini kubwa nyuma yake, akaiacha ikae pale watu waizoee. Kisha ikadondoka 499 juu yake, ile 999 ikavunjika vipande. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Watu wepesi wa kucheka wanasema siku ile tuliaibishwa. Jamani, fikirini kama watu wazima! Dola 499 ni pesa nyingi. Ukimwamsha mtu usingizini ukamwambia kuna kioo kinauzwa dola 499, atakuuliza kama una akili timamu. Lakini kwa kuwa sisi tulikuwa tumeshamtisha kwa 1,000, alipoisikia 499 aliona amepewa sadaka. Kazi ile, ambayo mashirika ya matangazo hutoza mamilioni kuifanya, sisi tuliifanya bure, kwa moyo mmoja, na tukachekwa juu. Nani mwingine anatoa huduma ya namna hiyo? Wasambaza tetesi za usajili wa Simba na Yanga, labda, lakini wale angalau wanapata tiketi.

Na Jobs alituelewa vizuri. Hata tarehe 9 Januari 2007, alipoitambulisha iPhone ya kwanza, alitangulia na picha ya mzaha: iPod iliyobandikwa duara la kuzungusha namba, kama simu za mezani za ofisi za zamani. Alijua tumekaa miezi tukijadili iPod itapigaje simu. Alitutania mbele ya dunia nzima. Mimi naliita hilo kutambuliwa.

Kijana pale nyuma, ndiyo, wewe mwenye bisibisi mfukoni, naona umenyoosha mkono. Subiri.

Mwaka 2014 palikuwa na jengo. Vijana wa leo hamlijui lile jengo. Apple walichukua ukumbi wa Flint Center, Cupertino, ukumbi uleule ambamo Macintosh ilitambulishwa mwaka 1984, na kando yake wakasimamisha jumba kubwa jeupe lisilo na maandishi. Lo! Wiki zile fani ilifika kileleni. Kulikuwa na picha kutoka kila upande, na kila picha ilikuwa na wafasiri wake. Lilikuwa limefunikwa, na kilichofunikwa, kwa kanuni zetu, ni kikubwa. Tarehe 9 Septemba milango ikafunguliwa: lilikuwa chumba cha waandishi wa habari kwenda kushikashika bidhaa mpya. Meza na saa. Saa yenyewe tulikuwa tumeipa jina la iWatch miaka mingi nyuma, tukaizoea, tukaipenda, halafu wao wakaiita Apple Watch bila hata kutuuliza.

Lakini sikilizeni lililofuata. Siku hiyohiyo, kampuni iliingiza albamu mpya ya bendi ya U2 kwenye akaunti za wateja wa iTunes takriban milioni 500, bila hodi, watu wakakuta muziki wasiouomba. Ilibidi baadaye watengeneze njia maalumu ya kuiondoa. Mtaalamu yupi alilitabiri hilo? Hakuna. Jambo pekee la siku ile lililowaingilia watu ndani ya nyumba zao lilitupita sote, maana macho yetu yalikuwa kwenye jumba.

Tuendelee haraka, muda si rafiki.

Kuna suala la kuona kabla. Mwaka 2010 simu ya majaribio ya iPhone 4 ilisahaulika kwenye baa huko Redwood City, California. Ikaishia mikononi mwa watu wa tovuti ya teknolojia ya Gizmodo, waliotoa dola 5,000 kuipata, wakaichapisha picha Aprili, wiki kadhaa kabla ya tarehe 7 Juni ilipotangazwa. Wengi huniuliza kama ule ulikuwa ushindi wa fani. Ulikuwa msiba. Ukishaiona simu, ukaipima na kuifungua, umekuwa shahidi, na mahakama zimejaa mashahidi. Mtaalamu wa kweli anafanya kazi gizani.

Kuna pia suala la subira. Mchambuzi Gene Munster alitabiri kwa miaka kadhaa kwamba Apple watatoa seti ya televisheni. Mwaka ukiisha bila televisheni, anaihamishia mwaka unaofuata. Nilimhusudu. Alikuwa na kifua. Ila mwaka 2015 akakubali hadharani kwamba haiji, akajiharibia. Angevumilia tu! Utabiri usio na tarehe ya mwisho haujawahi kushindwa na mtu. Tazameni gari: miaka kama 10 tulilitabiri gari la Apple, na kweli walikuwa wakilishughulikia, mpaka 2024 walipoufunga mradi. Mimi gari lile nimeshalichagulia rangi ya viti, na sioni sababu ya kuifuta.

Nanyi mnaodai kwamba ukweli uko kwa kampuni yenyewe, nawauliza, AirPower iko wapi? Septemba 2017 walisimama jukwaani wakaonyesha kibao cha kuchajia vifaa 3 kwa pamoja, bila waya, wakaahidi kuwa kinakuja 2018. Machi 2019 wakatoa taarifa kwamba wamekifuta, hakikufikia viwango vyao. Kwa hiyo wao wenyewe walitabiri bidhaa yao wenyewe, wakiwa na wahandisi wao na fedha zao, wakashindwa. Halafu mnanishangaa mimi mwenye daftari na kalamu.

Haya, kijana mwenye bisibisi. Uliza, kwa ufupi.

Anauliza kama nilijua kwamba iPhone itaacha tundu lake la zamani la chaji na kuchukua USB-C. Anasema yeye alilijua karibu mwaka mzima kabla, akiwa kibandani Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwa kuwa alisoma kwamba Bunge la Ulaya lilipitisha sheria Oktoba 2022 kuzilazimisha simu zote zinazouzwa huko zitumie tundu hilo kufikia mwisho wa 2024. Kwa hiyo alipunguza kuagiza waya za zamani mapema, na Septemba 2023, iPhone 15 ilipotoka na USB-C, hakuwa na mzigo uliomlalia.

Asante, kaa chini. Mabibi na mabwana, hii ndiyo hatari ya kuruhusu maswali. Kijana huyu amesoma sheria, ameangalia bidhaa zake, amefanya hesabu, amepata jibu sahihi. Hapo utaalamu uko wapi? Hakuna aliyetetemeka wala aliyetazama kivuli. Tukienda kwa mtindo huo kila mtu atajua, na mimi mtanialika wa nini? Tena kampuni hii haina duka lake hata moja katika bara zima la Afrika, kwa hiyo simu itatufikia kwa mkono wa tatu, yenye chaji isiyo yake, na mtu wa kwanza kujua tatizo lake atakuwa huyuhuyu. Nakiri hilo kwa uchungu. Tusonge.

Sasa mliyoyangojea. Ifuatayo ni bidhaa itakayotangazwa, na naomba mrekodi.

Itakuwa nyembamba kuliko iliyotangulia. Isipokuwa nyembamba itakuwa nene, kama ilivyokuwa 2015 walipotoka milimita 6.9 kwenda 7.1, na unene huo nitauita ukomavu. Kamera yake itasifiwa dakika nyingi sana. Itakuwa na rangi moja mpya, na rangi hiyo itapewa jina refu. Wenye simu za macho matatu wataambiwa kimyakimya kwamba macho yao yamezeeka. Kitu kimoja tulichokizoea kitaondolewa na tutaambiwa tushukuru. Mkuu wa kampuni atasema hii ndiyo iPhone bora kuliko zote walizowahi kutengeneza, kana kwamba kuna mwaka waliopanga kutengeneza mbovu. Bei itakuwa juu, isipokuwa ikiwa chini, na ikiwa chini mnishukuru, maana tangu asubuhi nimekuwa nikiwatajia ya juu kwa makusudi hayo.

Yakitimia yote, mlisikia kwangu kwanza. Yasipotimia, kampuni itakuwa imeogopa baada ya kuisikia hotuba hii.

Ada ni shilingi 10,000, inalipwa mlangoni na hairudishwi. Mwenye swali gumu alilete baada ya shughuli ya Cupertino, nikiwa nimeshaiangalia. Na huyu kijana wa Aggrey asiondoke. Simu yangu haishiki chaji tangu juzi.