Nililipigia Makofi Daraja

Nimekishangilia kitanda changu kikienda zake. Macho bado yananiwasha kwa usingizi, na ushahidi umo kwenye simu: saa saba na kitu usiku, Daraja la Ikulu la Saint Petersburg linapasuka katikati, pande mbili zinapaa, na anayepiga vigelegele kuliko wote ni mimi. Chumba nilichopanga kiko Kisiwa cha Vasilyevsky. Yaani ng'ambo.

Msinicheke kwanza, lile daraja ni la ajabu. Mnaijua mizani ya muuza samaki? Ndiyo hiyohiyo. Kila upande una mkia uliofichwa ndani ya nguzo, umebebeshwa mzigo mzito wa kusawazisha, kwa hiyo mota hazinyanyui chuma chote kile. Zinasukuma tu kitu kilichokwisha kulingana. Mkia unazama, kichwa kinapaa, na mambo ni hayo tangu 1916. Hufunguliwa usiku, miezi ambayo mto haujaganda, ili meli zipite kati ya Baltiki na Ziwa Ladoga. Na mkosa wa kwanza ni Peter Mkuu. Alipouanzisha mji 1703 hakutaka daraja juu ya mto huo, Neva. Watu wajifunze tanga! Akafa 1725, na 1727 wakatandika daraja la mashua. La kudumu lilingoja hadi 1850. Laiti wangemsikiliza mzee, ningeita mtumbwi nikalale.

Nikakaa benchini. Mwezi wa Juni huku giza haliji. Isha na Alfajiri zimeshikana mikono. Ukutani kando ya mto vijana wanakunywa na kuimba. Askari wakapita, wakawaruka wote, wakanijia mimi: pasipoti. Baada ya muda wakaja wengine: pasipoti. Mara ya tatu niliitoa kabla sijaombwa. Hapo sina mzaha. Walevi wote wale, mtu mweusi mmoja ambaye hata soda hana, na anayetiliwa shaka ni nani?

Daraja liliposhuka nilivuka bila kulitazama.

Kisha nikaenda kutembelea bustani za ikulu ya Peterhof, na chemchemi iliyojengwa makusudi kumlowesha mgeni ilinilowesha.

Na leo saa sita mchana mzinga wa Ngome ya Petro na Paulo umelia, nikajitupa chini kifudifudi. Bibi aliyekuwa kando yangu alitazama saa yake ya mkononi, akaisogeza mbele dakika mbili.