Sifa za Kiporo

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, hata tambuu imepata watu wa kuitungia mashairi. Kiporo hakuna aliyekiimbia. Sisemi kiporo cha maharage, ambacho asubuhi hujisifu chenyewe. Nasema kile kitambaa cha kroshia kilichofika nusu, kofia iliyodariziwa upande mmoja, riwaya iliyokwama sura ya tatu. Vitu vilivyolazwa kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya mlango, vikimngoja mwenyewe apate nafasi. Wenye nidhamu hukiita aibu ya nyumba. Mimi nimesimama kukitetea, na shahidi wangu wa kwanza ni Chisenga.

Chisenga ni kisiwa cha wavuvi katika wilaya ya Nchelenge, Zambia, upande wa kusini wa Ziwa Mweru, kule Mto Luapula unakoingilia. Ng'ambo ni Kongo, na Kiswahili cha Katanga huvuka maji pamoja na bidhaa. Hapa mwaka una tarehe zisizobembelezwa. Desemba mosi serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaliane, na nyavu hukaa nchi kavu hadi Februari iishe. Machi mosi zinarudi majini. Wavu uliochanika umepewa basi miezi mitatu ya mvua ushonwe, na ukifika Machi una matundu ya ziada, chisense, vile vidagaa vya Mweru vinavyoanikwa mchangani vikang'aa kama fedha, watapita humo bila hata kuaga.

Kwa hiyo wavu hauna ruhusa ya kuwa kiporo. Na ndiyo sababu sijasikia mtu akisema anashona wavu kujipumzisha. Lakini kitambaa cha kuwekea mgongoni mwa kiti, kilichoanzwa mvua hizohizo na mikono iliyochoka kushona nyavu, hakina Machi. Kikifika nusu kikasimama, hakuna atakayelala njaa. Huo ndio utukufu wa kwanza wa kiporo: kinathibitisha kwamba katika nyumba hii kuna angalau kitu kimoja kinachofanywa kwa sababu mtu amependa.

Nasaba yake ni ya kifalme. Bibi yake mzaa mama ni Shahrazad wa Alfu Lela Ulela, aliyekuwa na siku ya mwisho kila alfajiri, tena mwisho wa shingo. Kila kulipokucha aliiacha hadithi katikati, na mfalme akamwahirisha ili asikie kilichobaki. Angekuwa mtu wa kumaliza mambo kwa wakati, tungekuwa na usiku mmoja tu na maziko. Kwa upande wa baba kuna Penelope wa Ithaka, aliyefuma sanda mchana na kuifumua usiku kwa miaka mitatu ili wachumba wasimpate. Sanda ile ndiyo kitambaa kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote nilivyowahi kusikia, na kazi yenyewe ilikuwa kutokwisha. Wajukuu wao wako kila mahali. Kanisa la Sagrada Família kule Barcelona liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1882. Msanifu wake Gaudí akafa mwaka 1926 akiliacha halijakwisha, na watalii wakaanza kulipa viingilio vya kutazama kiporo.

Binadamu hawakuridhika. Wakaona burudani imekaa bila msimamizi, wakaiwekea tarehe. Mwaka 1999 kijana mmoja wa San Francisco, Chris Baty, na wenzake, jumla wakiwa watu 21, walikubaliana kuandika riwaya kila mtu, ndani ya mwezi mmoja. Ikawa NaNoWriMo: maneno 50,000 kila Novemba, yaani 1,667 kwa siku, na baadaye watu maelfu kwa maelfu duniani wakajiandikisha kuteseka kwa hiari. Mwaka 2009 mchoraji Jake Parker akaanzisha Inktober, michoro 31 kwa siku 31 za Oktoba. Wafumaji nao wana blanketi la joto: mstari mmoja kila siku, rangi ikifuata nyuzi za kipimajoto, mwaka mzima. Nalitamani blanketi hilo lifumiwe Chisenga, Juni na asubuhi zake za baridi likianza buluu, Oktoba likiwaka jekundu tupu, kisha Novemba mvua zianze na mfumaji aende shambani.

Ni halali kuuliza mashindano haya yamezaa nini. Yamezaa viporo, kwa wingi ambao uvivu peke yake usingeweza. Mwaka 2025 shirika la NaNoWriMo lilitangaza kufunga milango. Riwaya zilizokwama sura ya tatu hazikufungwa. Zingali hai kwenye madroo na kompyuta. Kiporo kimemzika mlezi wake.

Wapinzani watasema kiporo huvuruga mpangilio. Wameufungua mfuko wenyewe? Ndani mna sindano ileile ya saizi ileile, uzi wa rangi ileile, karatasi ya kielelezo iliyokunjwa, na alama ya kalamu mahali pa kuanzia tena. Kitu kilichomalizika hutawanya vyake vyote: uzi huazimwa, sindano hupotea, kielelezo huwashiwa mkaa. Mtu mwenye viporo sita, kila kimoja na mfuko wake, ana ofisi yenye majalada sita, na hakulipa kwacha hata moja ya kabati. Nikitafakari, mpango mwingine wa kazi za mikono unaodumu sijauona. Zile kalenda za kupaka rangi na madaftari ya ratiba ni sanaa nyingine tu, na nazo huachwa Februari.

Kiporo pia ni kumbukumbu. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha mwaka 1927 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukumbuka kazi walizokatizwa kuliko walizomaliza. Waliorudia majaribio yake hawakupata jibu moja wote, lakini nyumbani hatuhitaji maabara. Sweta la mtoto lililoishia mkono mmoja linamkumbusha mama kwamba mtoto mwenyewe yuko gredi ya tano. Kofia ya viua iliyokusudiwa Idd inajua ni Idd ipi, na haitasema.

Sikatai kwamba siku ya mwisho ina nguvu zake. Kila mwisho wa Julai, kusini kidogo ya ziwa, Mwansabombwe hujaa watu wa sherehe ya Umutomboko, chifu Mwata Kazembe akicheza na upanga na shoka lake. Mwata haahirishi ngoma kwa sababu kitenge chako hakijashonwa. Majuma yaliyotangulia, mafundi cherehani huishi dakika za lala salama: njoo Jumanne, njoo Alhamisi, aa, umeme ulikatika, njoo Ijumaa jioni. Na Jumamosi gauni hutoka, pindo likiwa limeshikizwa kwa pini, likameremeta kuliko magauni yote. Nani alilishona? Hofu. Nani aliliweka salama mwezi mzima, limekatwa, limekunjwa, limeandikwa jina la mwenyewe kwa chaki? Kiporo, na hakuna aliyekishukuru.

Sasa nasikia wenye madaftari wamebuni shindano jipya, la kumaliza viporo. Unaandika orodha ya vyote ulivyo navyo, unavipa namba, kila mwezi inapigwa kura na namba inayotoka unaimaliza kabla mwezi haujaandama. Nimeiona orodha moja ya namna hiyo, kwenye daftari jipya kabisa, kwa kalamu za rangi nne, kila namba na kiua chake pembeni. Imefika namba saba. Ya nane ina kiua tu.