Shikamoo Mjomba, Halafu Panga la Shingo

Nimechapwa tena. Siyo na mama watoto, yeye ana siku zake. Nimechapwa ndani ya simu. Kuna gemu la mapanga, hapa mtaani kila mtu yumo, kuanzia bodaboda mpaka dogo wa chipsi. Nilijiunga kwa sababu nilichoka kukaa kijiweni sielewi wanaongea nini. Bado sielewi, ila sasa nakufa nikiwa sielewi. Nina mpiganaji wangu. Nimemlea mwenyewe. Bando langu, chaji yangu, macho yangu mekundu mpaka bosi ananiuliza kama nimefiwa. Tuko levo ya 14, mimi na yeye. Kazi yetu kuua mbweha. Mbweha wengine wanatuua sisi, lakini ndiyo maisha.

Sasa mpwa wangu kajiunga majuzi tu. Kitufe cha kuruka hakijui. Tunakutana uwanjani, naona dude lina deraya ya dhahabu, mabawa mgongoni, upanga unawaka moto, juu ya kichwa imeandikwa levo ya 80. Nikajua huyu Mkorea. Kumbe ni mpwa wangu. Kaandika: "Shikamoo mjomba." Mimi mtu wa heshima, nikaanza kuandika marahaba. Sijafika hata nusu ya neno, kichwa changu kinabiringika kwenye majani. Adabu anayo. Huruma hana.

Kumuuliza kampata wapi mpiganaji huyo, anasema kanunua. Kanunua! Kuna grupu la Telegram, unachagua mpiganaji, unatuma laki na nusu kwa simu, unapewa akaunti na neno la siri, tayari wewe shujaa. Hata damu hujaiona. Nikapeleka shauri kwa Mangi pale dukani, nikitegemea ataniunga mkono, maana deni langu kwake ni la siku nyingi, tumezoeana. Mangi hata hakuacha kupima sukari. "Mzee, anayekula ugali lazima awe kalima mahindi?" Vijana wakacheka. Sikuwa na jibu. Nikanunua soda nisiyoitaka ili mada ibadilike.

Usiku nikaingia mtandaoni kutafuta silaha. Kiingereza changu ni cha kusomea maelekezo ya dawa, lakini hasira inafundisha. Kumbe jambo lenyewe la zamani. Kulikuwa na gemu linaitwa EverQuest, limetoka 1999, watu wanalea wahusika miezi na miezi halafu wanawapiga mnada eBay kwa dola za kweli. Mchumi mmoja wa Marekani, Edward Castronova, mwaka 2001 akazichukua bei za minada ya namna hiyo akapiga hesabu. Akasema ile nchi ya kufikirika ya kwenye gemu, Norrath, pato lake kwa kila mtu linaiweka nafasi ya 77 duniani, katikati ya Urusi na Bulgaria. Nchi haipo! Haina hata barabara ya vumbi! Na mchezaji, kwa saa, anazalisha kama dola 3.42. Nikarudia kusoma. Mimi nashinda stoo nahesabu mifuko ya simenti. Napata ngapi kwa saa, naomba tusifike huko.

Nikafurahi kuona wenye gemu, Sony, walikuja juu. Mwaka 2001 eBay wakayaondoa matangazo ya EverQuest, na 2007 wakapiga stop biashara ya vitu vya magemu karibu yote. Nikashangilia peke yangu gizani. Mama watoto akageukia ukutani.

Furaha yenyewe haikufika asubuhi. Nasogea mbele, nakuta gemu lingine, World of Warcraft. Wenye gemu hilo sheria yao akaunti haiuzwi, mhusika siyo mali yako, wewe umekodishwa tu. Yameandikwa kwenye yale masharti marefu unayobonyeza "nakubali" ukiwa unawahi kuoga. Sawa. Halafu mwaka 2014 wakaanza kuuza wenyewe: toa dola 60, mhusika wako anarushwa moja kwa moja mpaka levo ya 90. Ukiuza wewe wanakufungia. Ukinunua dukani kwao wanakukaribisha tena. Sasa hapo mtetezi wangu ni nani?

Tena kuna Wachina wa Nanjing, aliowaandika mwandishi Julian Dibbell 2007. Zamu ya saa 12, usiku kucha, wanaua mazimwi wakusanye dhahabu ya gemu, malipo yao kama senti 30 za dola kwa saa. Dhahabu inaishia kwa mteja wa Ulaya au Marekani asiyetaka kukesha. Hasira yangu ikapata tabu. Nimchukie nani? Muuzaji kachoka kuliko mimi. Huyo mimi namwachia auze, jasho lake. Na mnunuzi anunue, hela yake. Ninachokataa ni kuletewa mimi! Mtu katoa laki na nusu, kwa nini akaitumie kwenye shingo yangu? Wapewe uwanja wao waliolipa, wachinjane kwa risiti. Sisi wa levo ya 14 tuachiwe mbweha wetu.

Eti kuna wauzaji wakishapokea hela wanatumia ile barua pepe ya mwanzo, wanambeba mpiganaji wao, wanatokomea. Utamshtaki wapi? Kwa wenye gemu ambao walikukataza kununua? Mpwa wangu kasikia hivyo, siku hizi halali vizuri. Mimi nalala fofofo.

Tatizo mpwa aliropoka bei mbele ya mama watoto. Laki na nusu! Mama akanitazama. Akaitazama simu. Miezi yote ile nilikuwa naambiwa nachezea kidude, ghafla ni mali ya familia. "Sasa wa kwako tunauza lini? Watoto wanataka viatu vya shule." Nikaona siyo vibaya, nikamkabidhi mpwa simu anitafutie bei. Kaishika. Kafungua begi la mpiganaji wangu, kakuta mikia ya mbweha. Kawaita wenzake. Wakaja, na Mangi naye akaja, kaacha duka wazi. "Mjomba, samahani," anasema, kwa heshima zote, "hapa nikipambana sana, buku mbili. Na ukimtoa ile kofia, buku."

Kofia nilimnunulia buku tano.

Nyumbani sijataja bei. Nimesema tu mzigo upo sokoni, wateja wanaulizia, ila inabidi kwanza tumuongezee thamani. Kwa hiyo nimemuomba mama watoto anikopeshe ya bando.