Kura ya Unene

Mvua ilikuwa inanyesha. Hilo lieleweke kwanza, kwa sababu ndilo jambo pekee ambalo watu wote waliokuwapo Nyandira Jumamosi iliyopita wanakubaliana. Ilikuwa mvua ya masika ya Mgeta, ile isiyopoteza muda na manyunyu. Ilipiga bati kwa nguvu mpaka mwenyekiti wa kikundi akaacha kuhutubia na kuanza kuonyesha kwa mikono. Nje, juu ya nguzo niliyoipaka rangi nyeupe kwa ajili ya siku hiyo, kifaa cha kupimia mvua kilichobuniwa na kuunganishwa Morogoro mjini kilikuwa kinaleta taarifa kwenye skrini niliyoishika mbele ya wakulima wa kabichi, njegere na viazi. Taarifa yenyewe ilikuwa 0.0.

Mzee mmoja alisogea. Akaitazama skrini, akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Mjukuu wangu," akasema kwa upole uliouma kuliko tusi, "hii inapima ya leo au ya kesho?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana ukiwa peke yako usiyecheka ndipo watu wanajua limekupata. Mzee hakuridhika. Alitoka, akarudi na ndoo ya plastiki aliyoikinga kwenye mchirizi wa paa, akachovya kidole ndani yake kama shahidi anayekula kiapo. "Ya kwangu inasema ipo," akatangaza.

Mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, alijaribu kuniokoa. Alikumbusha kikao kwamba hata mbuzi wa maziwa kutoka Norway, walioletwa Mgeta miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine, hawakuzoea mlima kwa siku moja. Wote wakaitikia. Sasa mbuzi wale wametoka Ulaya, wakapanda huku, na uzao wao unakamuliwa hadi leo. Kifaa changu kimetoka Kihonda. Tulilinganishwa hadharani, mimi na mbuzi, na mbuzi wakashinda.

Nilikifungua kifaa usiku uleule kwa tochi ya simu. Mtambo wa nje ulikuwa mzima. Ndani ya kopo kuna kibakuli chenye vyumba viwili kinachopinduka kila mvua ya milimita 0.2 inapotimia, sumaku yake inapita mbele ya swichi, swichi inaiambia chipu "moja". Kibakuli kilikuwa kimepinduka jioni nzima kwa uaminifu. Ila ile "moja" ilikuwa haifiki. Kwenye ukingo wa chipu, kidoa kimoja cha shaba kilikuwa na lehemu kidogo mno, na barabara ya kupanda kutoka Mzumbe hadi Mgeta, ambayo kila anayeipita anaijua, ilikuwa imekimalizia kazi. Pale mezani Kihonda kilifanya kazi vizuri, kwa kuwa meza ya Kihonda haina mashimo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye stensili, na naomba msomaji anivumilie, kwa sababu kuna siku naona kitu hiki ni cha ajabu kuliko hata intaneti.

Bodi za zamani, za redio za mkulima, vipande vyake vilikuwa na miguu mirefu iliyopita kwenye matundu, na fundi alichomelea mguu mmoja mmoja. Bodi za leo vipande vyake vinakaa juujuu, na vingine ni vidogo kuliko punje ya mchele iliyokatika. Huwezi kuvichomelea kimoja kimoja ukabaki na macho. Kwa hiyo lehemu inafanywa kuwa vipunje vya duara, inachanganywa na flaksi, inakuwa kitu kizito cha kijivu ambacho mafundi simu wa Kariakoo wanakiita pesti. Kisha unahitaji karatasi ya chuma kisichoshika kutu, iliyotobolewa kwa leza, kila tundu likikaa juu ya kidoa chake cha shaba. Ni lile bati la herufi wanalochapia magunia ya korosho, isipokuwa herufi zake zinahesabiwa kwa sehemu za milimita. Unalaza stensili juu ya bodi, unaweka pesti ukingoni, unaivuta kwa bapa la chuma lililolazwa digrii 45 hadi 60. Ikienda sawa, pesti haiburuzwi, inabiringika. Mimi huwa naisimamisha kazi ili niitazame inavyobiringika. Mke wangu ameshauliza kama kuna dawa.

Halafu unanyanyua, na hapo ndipo penye kesi. Pesti iliyomo ndani ya tundu inashikwa na pande mbili. Chini kuna kidoa cha shaba kinachoitaka, na pembeni kuna kuta za tundu zinazoitaka vilevile. Ukinyanyua, inabidi ichague. Ukigawanya eneo la mdomo wa tundu kwa eneo la kuta zake, unajua itachagua nani. Mwongozo wa IPC-7525, ambao ndio msahafu wa kazi hii, unataka jibu lisipungue 0.66. Chini ya hapo pesti inaondoka na kuta, kidoa kinabaki na mabaki.

Matundu ya chipu yangu yana upana wa milimita 0.2 na urefu wa 0.6. Kwenye stensili yenye unene wa milimita 0.10, hesabu inaleta 0.75, na pesti inatua salama. Kwenye yenye unene wa 0.15 inaleta 0.5, na pesti inakwama. Tofauti ya unene ni 0.05, ambayo haifiki unene wa ukurasa wa daftari. Tena ukichagua stensili nyembamba, lazima uchague na vipunje. Pesti ya aina ya 3 ina vipunje vya mikroni 25 hadi 45, ya aina ya 4 ni 20 hadi 38, na mazoea ya kazi yanataka vipunje vikubwa vitano viweze kujipanga sambamba kwenye upana wa tundu. Tundu langu ni mikroni 200. Vitano vya 45 havienei. Vitano vya 38 vinaenea, na vinabakiza nafasi ya mikroni 10 ya kupumulia. Nilipoipata hesabu hii mara ya kwanza nilimpigia simu rafiki yangu saa nne za usiku kumweleza. Siku hizi akiona namba yangu usiku hapokei.

Na unene una hila nyingine. Stensili nene inanyima tundu dogo na hapohapo inalishibisha tundu kubwa kupita kiasi. Chini ya chipu yangu kuna kidoa kikubwa cha kupoozea joto. Kikijazwa chote, lehemu inapoyeyuka chipu nzima inaelea juu ya kidimbwi, vidoa vya pembeni vinaachwa vikining'inia. Ndiyo maana wajuzi wanaligawa tundu la katikati kuwa madirisha manne au tisa. Kwa hiyo stensili moja, siku moja, kwenye chipu moja, inaweza kukufanyia choyo na israfu.

Basi kwa nini mtu anayeyajua yote haya akatumia 0.15? Kwa sababu ya demokrasia.

Morogoro wanaiita mji kasoro bahari. Kwa anayeunganisha bodi, orodha ya kasoro inaendelea mbele kidogo. Stensili na bodi zenyewe tunaziagiza Shenzhen, na nauli ndiyo inayouma. Stensili yenye fremu ya alumini, ile ya kawaida ya milimita 370 kwa 470, inapendeza kuitazama, lakini wasafirishaji wanapima boksi kwa urefu mara upana mara kimo, wanagawa kwa 5000, wanakutoza kilo za hewa. Kwa hiyo tunaagiza isiyo na fremu, na ili nauli igawanyike tunajiunga watatu kwenye karatasi moja ya chuma. Mimi na mvua zangu, mwenzetu anayetengeneza vidhibiti chaji vya sola, na mwenzetu wa mashine za kutotolesha vifaranga. Michoro mitatu, karatasi moja. Na karatasi moja ina unene mmoja.

Kikao kilifanyika kwenye chipsi mayai karibu na Msamvu. Nilifika na hesabu zangu zimeandikwa vizuri. Wa sola akasema transista zake zinapitisha ampea nyingi na zinataka lehemu ya kushiba, akataja 0.15. Wa vifaranga, ambaye bodi yake haina kipande kidogo kuliko kucha, akasema yeye hana tatizo na unene wowote, ila nene inaonekana imara. Imara! Nikaeleza uwiano wa eneo. Wa vifaranga akaomba pilipili. Nikapendekeza stensili ya ngazi, ambayo kiwanda kinaipunguza unene sehemu moja tu, nene kwa wenye shibe na nyembamba kwa wanyonge. Wa sola akauliza bei, nikaitaja, kikao kikanyamaza. Mwaka 1955 huko Matombo watu waliandamana kukataa kulazimishwa na serikali ya kikoloni kuchimba ngazi mashambani mwao. Pale Msamvu ngazi zilikataliwa tena Uluguru, safari hii bila polisi.

Kura mbili kwa moja. Vifaranga wanatotolewa vizuri, namshukuru Mungu. Sola zinachaji. Mvua ndiyo hainyeshi.

Mengine yaliyonipata kwenye kazi hii ni madogo. Wakala wa kutoa mizigo Dar aliposikia "stensili" alitaka kujua ni ya mitihani ya darasa la ngapi. Jirani mwenye ushauri alinitobolea stensili kwenye bati la kopo la soda, ambalo kweli unene wake uko karibu na 0.10, na leso nzima ikaisha kwa damu. Bapa la kuvutia pesti lilipopotea nilitumia kadi ya benki, na mashine ya kutolea fedha imekataa kuisoma tangu hapo. Pesti inatakiwa kukaa kwenye baridi, chini ya nyuzi 10, na mama mkwe alipoliona bomba lake la sindano kwenye friji alikwenda kuniombea kisukari kanisani kwa jina. Umeme ulikatika bodi zikiwa juu ya jiko, lehemu imefika nyuzi 180. Ingeyeyuka kwenye 183.

Lakini kuna moja ambalo sitaki kulichekea. Niliomba ufadhili wa ubunifu kwenye ofisi moja, sitaitaja. Niliandika ninachotaka: stensili yangu peke yangu, unene wa 0.10, iliyong'arishwa kuta zake kwa umeme ili pesti iteleze, na kikopo cha pesti ya aina ya 4. Ukijumlisha na nauli, haikufika gharama ya chakula cha mchana cha semina waliyotuitia kutuarifu matokeo. Wakatuambia fungu la "vifaa vya matumizi" halipo. Lilikuwepo fungu la fulana. Lilikuwepo la mabango, la mtaalamu wa kutufundisha kusimama mbele ya wawekezaji, la ukumbi wenye viyoyozi. Nimefundishwa kusimama. Nilisimama Nyandira vizuri sana, mabega nyuma, nikitazama hadhira machoni, mkononi nikiwa na 0.0. Kila mwaka tunaulizwa kwa nini vifaa vinavyotengenezwa hapa havidumu, na wanaouliza huwa wamevaa ile fulana. Mto Ruvu unatoka kwenye milima hii na kwenda kunywewa Dar es Salaam. Kujua mvua iliyoanguka juu huku si jambo la wakulima wa kabichi peke yao, na wala halihitaji satelaiti. Linahitaji lehemu ikae kwenye kidoa cha milimita 0.2.

Nimeitisha kikao kingine, tena kwa gharama yangu, chipsi na soda. Nilikwenda na ile bodi ya Nyandira na kioo cha kukuzia, nikawazungushia mmoja baada ya mwingine. Wa sola aliangalia kwa muda mrefu, akakiri kwamba kweli kile kidoa kimenyimwa, akajitolea kushuka kidogo. Mimi nikapanda kidogo. Tumekubaliana 0.12. Hesabu ya matundu yangu kwa unene huo ni 0.625, haifiki 0.66, nami nimetia saini. Wa vifaranga amepiga simu asubuhi hii kuuliza kama 0.13 ipo. Ipo.