Motere Haiulizwi

Usiku, uwanja wa magari ya kuuzwa, Butembo. Kesho asubuhi anakuja mnunuzi kutoka Beni, mtu wa kakao. Waliopo ni MZEE CARINA wa mwaka 1994, motere 4A. PROBOX wa 2003, motere 1NZ. PREMIO wa 2004, motere yenye maandishi D-4, ameoshwa mpaka tumboni. CHUKUDU wa mti, ameegemezwa ukutani. Na BIDONI la njano, lita 20, ambalo halipendi kuulizwa lina nini ndani.

PREMIO: Jamani, msinitimulie vumbi. Kesho nahamia Beni.

CHUKUDU: Nani kasema?

PREMIO: Komisioneri, dalali wetu. Amening'arisha hadi matairi. Na kilomita zangu zimepungua: jana zilikuwa laki mbili na elfu arobaini, leo ni elfu themanini na sita.

MZEE CARINA: Hongera, mdogo wangu. Mimi kila nikiamka umri ni ule ule.

PROBOX: Na mafuta ya motere amekuwekea yapi?

PREMIO: Mazito, yaya. Yanashuka kwa kubembelezwa. Tangu ayamimine, zile kelele zangu za ta-ta-ta zimenyamaza.

PROBOX: Zitanyamaza mpaka Maboya. Mlima ukianza, zitarudi na ndugu zao.

CHUKUDU: Mzee, hiyo D-4 ni ugonjwa?

MZEE CARINA: Ugonjwa? Hata kidogo. Ni motere iliyosomea mbali. Sisi wengine esansi hupuliziwa kwenye njia ya hewa, na ikipita inaziosha vali. Huyu hupuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa shinikizo kubwa. Kwao Japani inasaidia kubana matumizi. Lakini vali zake za kuingizia hewa haziogi kamwe, masizi yanazijaa. Na pampu yake ya shinikizo haitaki uchafu, haitaki maji, haitaki mafuta ya taa.

BIDONI: (linakohoa)

PREMIO: Kule sikuwahi kuugua hata siku moja!

MZEE CARINA: Kule ulilishwa kwenye kituo. Hapa utalishwa kando ya barabara, kwa chupa na faneli.

BIDONI: Mzee, taratibu. Chupa ni wanangu.

MZEE CARINA: Na baba yao ni nani? Esansi, au mafuta ya taa?

BIDONI: Ukoo wetu umechanganyika, mzee. Tumetoka Uganda, tukavuka Kasindi, tukapita mikono mingi. Kila mkono umetuongezea kidogo ili tusionekane tumepungua.

PROBOX: Ndiyo maana nawaambia, anayejua magari atanichukua mimi. Sentimita za ujazo 1,497, na ndani ni mnyororo, si mkanda. Fundi yeyote hapa ananifungua gizani. Piese zangu zimejaa madukani, mpya na kuukuu, za Japani na za kuiga.

MZEE CARINA: Mnyororo wako unaishi kwa mafuta safi. Bwana wako wa mwisho alifanya vidanji lini?

PROBOX: Alikuwa... anaongeza.

MZEE CARINA: Anaongeza! Mnyororo ukilegea hadi kuruka meno, pistoni zako zitakutana na vali, na hapo mazungumzo yatakuwa ya kununua motere nyingine. Mimi mkanda wangu ulikatika kwenye mlima wa Kabasha. Nikazima, basi. Vali na pistoni zangu hazigusani, aliyenichora aliacha nafasi. Wakaleta mkanda mwingine kwa pikipiki, jioni nikalala Beni.

CHUKUDU: Mbona hununuliwi, basi?

MZEE CARINA: Sina skrini. Halafu nina kovu. Fundi mmoja alinitoa themostati, akasema: "Hii ni ya wazungu, sisi tuko Ekweta." Ekweta kweli iko hapo karibu, lakini Butembo imekaa juu ya mita 1,700, watu wanaamka na makoti! Tangu siku ile sipati joto langu sawasawa, nakunywa esansi kuliko umri wangu, na yeye ndiye anayelalamika kwamba magari ya zamani yanakula.

CHUKUDU: Mimi nawashangaa nyote. Nchi inaendesha upande wa kulia, na nyinyi usukani uko kulia. Kulipita lori mpaka dereva amuulize abiria kama kuna anayekuja.

PROBOX: Na abiria akiwa amelala?

CHUKUDU: Hapo ni maombi.

PREMIO: Acheni kunitisha. Butembo na Beni ni kilomita 54 tu.

MZEE CARINA: Mtu wa kakao hatakuweka barazani. Siku moja atakuambia twende Komanda, ndani ya msafara wa magari unaosindikizwa na askari. Msafara haumngoji mwenye rejeta inayochemka. Wewe unajua nani anakaa katika pori lile.

(Hakuna aliyejibu. Hata Chukudu, ambaye kwa kawaida ana neno.)

Saa kumi na moja alfajiri, Komisioneri anamwasha Premio, anamwacha angurume mpaka apate joto, kisha anamzima na kumfuta umande. Saa moja mnunuzi anafika na shemeji yake, ambaye "anajua magari". Shemeji anapiga tairi teke, anafunga mlango mara mbili, anapiga honi, anafungua redio.

CHUKUDU: Mbona boneti tayari ina joto? Aiguse!

MZEE CARINA: Avute kile kijiti cha mafuta! Afungue kifuniko aone kama kuna uji mweupe, maji yameingia! Amwambie mtu akanyage, yeye asimame nyuma atazame moshi: wa buluu, motere inakula mafuta, mweupe usiokwisha, kichwa kimepasuka!

CHUKUDU: Hawasikii, mzee. Wanasikiliza redio.

PROBOX: Wanahesabu. Tazama Komisioneri anavyozikagua dola: anainua kila noti kwenye mwanga, anapapasa kingo. Ameikataa moja. Ina mpasuko wa ukucha.

MZEE CARINA: Noti iliyopasuka inarudishwa, motere iliyopasuka inapigiwa makofi.

PREMIO: Makofi ni yangu, mzee, usiwe na wivu. Kwaheri! Ila... kuna mtu anafungua tangi langu. Nani huyo?

BIDONI: Ni mimi, mdogo wangu. Wamenibeba.

PREMIO: Una nini ndani?

BIDONI: Fumba macho, fungua mdomo.